Dokta wa Ukumbini

Kiangazi cha mwaka 1961, mwanakemia wa Kijapani Osamu Shimomura alikuwa Friday Harbor, katika jimbo la Washington nchini Marekani, akivua konyeza. Yeye na wenzake walikusanya wapatao 10,000 ili wajue mnyama huyo wa baharini, mwenye mwili laini unaopitisha nuru, anapata wapi mwanga wake. Walifanikiwa kutoa protini inayowaka inapokutana na kalisiamu, nayo ikaitwa ekworini. Protini nyingine ya kijani waliyoikuta humohumo ikaja kumpa Shimomura sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Mwaka mmoja kabla ya tuzo hiyo, kampuni ya Quincy Bioscience ya Madison, Wisconsin, ilikuwa imeshaanza kuuza vidonge vilivyoitwa Prevagen. Kiini chake kilikuwa protini ya jamii ya ile ya konyeza, iliyotengenezwa maabara, na ahadi yake ilikuwa kumbukumbu: anayesahau majina ya watu na mahali alipoweka funguo angerudi kukumbuka. Matangazo yalirushwa kwenye televisheni za taifa zinazotazamwa sana na wazee. Chupa ya vidonge 30 iliuzwa kati ya dola 24 na dola 68. Kufikia katikati ya mwaka 2015, kwa mujibu wa hati za serikali mahakamani, mauzo yalikuwa yamefika dola milioni 165.

Mwezi Januari 2017 Tume ya Biashara ya Marekani pamoja na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York waliishtaki kampuni hiyo. Hoja zao zilieleweka hata kwa mtu asiye daktari. Utafiti ambao kampuni iliutegemea uliwahusisha watu 218 kwa siku 90, wakapimwa kwa mitihani tisa ya kumbukumbu na fikra, na waliomeza dawa hawakuonyesha nafuu ya maana kuliko waliomeza vidonge vitupu. Baada ya hapo watafiti waliyakata matokeo yaleyale vipande zaidi ya 30, wakitafuta kikundi chochote kidogo kilichoonekana kupata nafuu. Isitoshe, protini ikimezwa huvunjwavunjwa tumboni kama maharage ya chakula cha jioni, na hapakuwa na ushahidi kwamba hii ilifika kwenye ubongo ikiwa nzima.

Kesi ilitupwa, ikakatiwa rufaa, ikarudishwa. Ni mwaka 2024 tu ndipo jopo la raia huko New York lilipoamua kwamba baadhi ya madai yalikuwa ya kupotosha, na Desemba mwaka huohuo mahakama ikaiamuru kampuni iache kusema kwamba vidonge vyake vinaboresha kumbukumbu. Amri ilihusu maneno ya matangazo. Haikuipiga marufuku chupa yenyewe. Mtu aliyeanza kuvimeza mwaka 2007 akiwa na miaka 75 angekuwa amefikisha miaka 92 siku amri hiyo ilipotoka.

Hesabu hiyo ya miaka inapaswa kumkaa kichwani kila mwenye mzazi mzee. Sheria hufika, lakini hufika baada ya pesa kuliwa na mwili kudhoofika. Ulinzi unaomfikia mzee kwa wakati ni ule wa watu walio karibu naye, na watu hao mara nyingi hushindwa kwa sababu moja: muuzaji anakaa na mzee kuliko wao.

Mpangilio wa biashara hii una mizizi katika sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inayoruhusu virutubisho viingie sokoni bila kuthibitishwa kwanza na mamlaka ya dawa. Dawa ya hospitali lazima ioneshe kuwa inafanya kazi kabla haijauzwa. Kirutubisho hakidaiwi hivyo. Masharti ni kwamba kisidai kutibu ugonjwa, na kikisema kinasaidia sehemu fulani ya mwili kibebe onyo. Ndiyo maana maboksi mengi ya bidhaa hizi, hata yanayofika Kariakoo au Mombasa, yana sentensi ya Kiingereza kwa herufi ndogo ikisema kwamba madai yake hayajatathminiwa na mamlaka ya dawa, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Muuzaji husimama mbele ya wazee akiwa ameshika boksi hilohilo na kutaja presha, sukari, ganzi, magoti, tezi dume na kiharusi. Yote aliyoyataja, boksi limeshayakana.

Kwa kawaida mzee haendi dukani kutafuta bidhaa hizi. Bidhaa ndiyo inayomfuata. Inakuja na binti wa jirani aliyejiunga na biashara ya mtandao, au na semina ya afya inayotangazwa baada ya ibada, au na kikundi cha WhatsApp cha wanaukoo. Ukumbi unapangwa viti, maji ya kunywa yanagawiwa, na mtu aliyevaa koti jeupe anatambulishwa kama dokta. Hakuna anayeuliza amesajiliwa wapi. Anaanza kwa shikamoo, anawaita wazee baba na mama, anasikiliza habari ya goti lililoanza kuuma tangu msimu wa mvua uliopita. Mzee aliyekaa saa tano kwenye benchi la hospitali ili aonane na daktari kwa dakika nne anaona tofauti mara moja.

Kisha huletwa mashine. Mteja hushikishwa kipande cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja au mbili zinatoka kurasa za majibu kuhusu ini, figo, moyo, mifupa na "sumu mwilini". Kabla ya kipimo, hata hivyo, kompyuta imeshajazwa jinsia, umri, uzito na urefu wa mteja. Kukisia kwamba mtu wa miaka 70 mwenye kilo 90 ana shida ya magoti na presha hakuhitaji chuma mkononi. Hakuna kifaa kinachoweza kujua hali ya figo kwa kushikwa kiganjani. Figo hupimwa kwa damu na mkojo.

Mashine nyingine ni beseni la miguu. Mzee huweka miguu kwenye maji ya chumvi yenye umeme mdogo, na maji yanageuka rangi ya kahawia. Anaambiwa hizo ni sumu zilizotoka mwilini. Ukweli ni kwamba vyuma vilivyomo ndani ya maji vinaliwa na kutu kwa sababu ya umeme na chumvi, na maji hayohayo hugeuka kahawia hata kama hakuna mguu ndani yake. Vivyo hivyo kwa anayemeza vidonge vyenye vitamini B2 na kuona mkojo umekuwa wa njano kali: figo zinatoa vitamini iliyozidi, ile ambayo amelipia.

Kuna dhana kwamba wanaonaswa ni wazee wasiosoma. Dhana hiyo ni ya uongo, tena ina madhara, kwa kuwa humfanya mwalimu mstaafu au nesi mstaafu aone aibu kusema ametapeliwa. Elimu humsaidia mtu kusoma maandishi ya boksi, lakini haimwondolei maumivu ya usiku, wala haimfanyi asitamani kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mwenye ugonjwa wa kudumu, aliyeambiwa na hospitali kwamba atameza dawa maisha yake yote, anapoambiwa kwamba kuna kifurushi cha miezi mitatu kitakachomaliza tatizo, anasikia habari ambayo hospitali haikuweza kumpa.

China imeliona jambo hili kwa kiwango kikubwa kuliko nchi nyingi. Huko wazee hualikwa kwenye mihadhara ya bure ya afya na kurudi nyumbani na zawadi ya mayai. Vijana wa mauzo huwapigia simu kila siku, huwatembelea, na wakati mwingine huwasaidia kazi za nyumbani, huku watoto wa wazee hao wakiwa wanafanya kazi katika miji ya mbali. Mwishoni mwa Desemba 2018 makala moja iliichambua kampuni ya Quanjian ya Tianjin, iliyokuwa ikiuza vinywaji vya mitishamba, tiba ya moto na hata soli za viatu zilizodaiwa kutibu maradhi. Makala hiyo ilisimulia habari ya mtoto wa miaka minne mwenye saratani ambaye familia yake iliacha matibabu ya hospitali na kumpa bidhaa za kampuni hiyo, akafariki. Ndani ya wiki mbili mwanzilishi wa kampuni, Shu Yuhui, alikuwa amekamatwa, na Januari 2019 wizara na idara 13 zikatangaza msako wa siku 100 katika soko la bidhaa za afya. Januari 2020 Shu alihukumiwa kifungo cha miaka tisa, na kampuni ikatozwa faini ya yuan milioni 100.

Kosa alilotiwa nalo hatiani lilikuwa kuendesha biashara ya piramidi. Hilo linaeleza mengi kuhusu majirani na ndugu wanaouza bidhaa hizi. Ili mtu apande ngazi katika mfumo huo lazima anunue mzigo kila mwezi na aingize watu wapya chini yake. Mara nyingi binti anayemuuzia shangazi yake chupa ya "kusafisha damu" anaamini anachosema, na ana maboksi chumbani ambayo hajayalipia. Familia inayomwita mwizi mbele ya watu humpoteza yeye na kumpoteza shangazi pia, kwa kuwa shangazi atasimama upande wa aliyekuwa akimtembelea.

Na ushuhuda unaotolewa ukumbini? Mara nyingi ni wa kweli kwa namna yake. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka. Mtu hununua dawa siku ambazo maumivu yamefika kileleni, na baada ya kilele maumivu hushuka hata asipofanya lolote. Aliyekuwa amemeza kitu wakati huo atakisifu kitu hicho kwa moyo mweupe, na hatakuwa anadanganya. Wale ambao hawakupata nafuu hawarudi ukumbini kusimama na kusema.

Pesa inayopotea si ndogo. Nchini Kenya, mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Chupa moja ya dola 24 inazidi kiasi hicho. Zanzibar ilipoanzisha pensheni ya wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, kiwango kilikuwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Hata hivyo, kupoteza pesa ni nusu tu ya hatari, tena nusu iliyo nyepesi.

Hatari nzito ni mzee kuacha dawa zake. Presha ya kupanda haiumi. Anayeacha vidonge vya presha leo hataona tofauti kesho, na pengine atajisikia vizuri zaidi kwa kuwa kichefuchefu au kizunguzungu cha dawa kimeondoka. Muuzaji atasema, "Umeona?" Siku mshipa wa ubongo unapopasuka, muuzaji hayupo. Kwa mwenye kisukari anayechoma sindano ya insulini, kuiacha kunaweza kuua ndani ya siku chache.

Watanzania walilishuhudia jambo hili mwaka 2011, wakati maelfu ya watu kutoka Afrika Mashariki nzima walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu. Haki itendeke: Babu alitoza shilingi 500 tu, na hakuna anayeweza kumweka kapu moja na wauza vifurushi vya laki kadhaa. Lakini foleni ile ya magari ilibeba wagonjwa waliotolewa wodini, wengine wakafia njiani, na madaktari wakapaza sauti juu ya watu waliorudi makwao wakaacha dawa za kisukari, presha na virusi vya Ukimwi kwa kuamini wamepona.

Hatari nyingine imejificha ndani ya chupa. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo zaidi ya mara moja kuhusu Artri King, bidhaa iliyouzwa kama kirutubisho cha mimea kwa maumivu ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, dawa mbili kali ambazo hazikuandikwa popote kwenye chupa. Zilipokelewa taarifa za watu walioharibika ini, na hata za vifo. Kwa hiyo nafuu waliyoipata wanunuzi ilikuwa halisi. Ilitoka kwenye dawa za hospitali zilizotiwa kwa siri, bila kipimo cha daktari, kwa watu ambao figo na tumbo vyao vilikwishachoka. Bidhaa ya "mimea mitupu" inayoondoa maumivu ndani ya siku mbili inapaswa kutia shaka kuliko isiyofanya kitu.

Hata mimea ya kweli ina nguvu zake. Ginkgo, inayouzwa kwa ajili ya kumbukumbu, inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa mtu anayetumia warfarini. Mizizi ya likorisi ikitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Muuzaji hajui mzee anameza nini kingine, na mara nyingi haulizi.

Haya hayamaanishi kwamba kila kirutubisho ni utapeli. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi ya miguu na usahaulifu. Daktari humpima damu, akiona upungufu humwandikia vitamini hiyo, na ni rahisi kuipata. Daktari huyo ameanza na kipimo cha kweli, ametoa kitu kimoja kwa sababu inayojulikana, na hajamwambia mgonjwa aache dawa nyingine.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ina vyombo kadhaa, na wauzaji wanajua kuchezea mianya iliyopo kati yao. Dawa na vifaa tiba viko chini ya mamlaka inayoitwa TMDA. Udhibiti wa chakula ulihamishiwa shirika la viwango, TBS, mwaka 2019. Waganga na dawa za asili wako chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Bidhaa inaweza kuwa imekubaliwa kama chakula, kisha ikauzwa ukumbini kama dawa ya kisukari, na muuzaji akaonyesha namba yake ya chakula kama ushahidi kwamba inatibu. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kilichotundikwa ukutani nacho huthibitisha kwamba kampuni imeandikishwa, basi. Hakisemi lolote juu ya kilichomo ndani ya chupa. Nchini Kenya, anayepaswa kuulizwa ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Sasa kumezuka madaktari wa bandia wenye sura za watu wa kweli. Mwezi Julai 2024 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza liliandika kuhusu video zilizotengenezwa kwa akili bandia zikimwonyesha Hilary Jones, daktari maarufu wa televisheni, akinadi tiba ya presha ambayo hakuwahi kuinadi. Desemba mwaka huohuo, taasisi ya utafiti ya Baker ya nchini Australia ilitoa onyo kuhusu video kama hizo zilizomtumia mtaalamu wake wa kisukari. Video za namna hiyo husambaa kwenye simu za wazee kwa kuwa hutumwa na watu wanaowapenda. Kabla ya kuamini uso, mtu aitafute hospitali anayofanyia kazi daktari huyo na kupiga simu yake rasmi.

Basi mtoto au mjukuu aanzie wapi? Asianze kwa kumnyang'anya mzee chupa zake. Mama aliyelea watoto saba haambiwi na mmoja wao "umeibiwa" halafu akashukuru. Maswali hufanya kazi kuliko hukumu: "Mama, huyu dokta yuko hospitali gani?" "Ulipomwambia unatumia dawa za presha alisemaje?" "Alikupa risiti?" Mzee mwenye akili zake atayasikia majibu yake mwenyewe. Kisha kliniki ijayo vikusanywe vyote anavyomeza, vya hospitali, vya dukani, vya mitishamba na vya ukumbini, vitiwe kwenye mfuko mmoja, na daktari au mfamasia avipitie kimoja kimoja. Vilevile ni vizuri kukubaliana naye mapema, kabla hajakutana na muuzaji, kwamba malipo ya afya yanayozidi kiasi fulani yatasubiri usiku mmoja na simu moja kwa mtoto anayemwamini. Simu yake na pesa zake zibaki mikononi mwake.

Na simu hiyo ipokelewe. Muuzaji anapokea ya kwake mara ya kwanza ikiita.

Kama mzee ameshaanza kutumia bidhaa yenye shaka, hasa ya maumivu, asiambiwe aitupe siku hiyohiyo. Mtu aliyemeza deksamethasoni kwa wiki kadhaa bila kujua, akikatiza ghafla, mwili wake unaweza kukosa homoni ambazo tezi zake zimeacha kutengeneza, akalegea, presha ikashuka, akaanguka. Apelekwe hospitali na boksi lake, aeleze alianza lini na alimeza kiasi gani, naye daktari apange namna ya kumwondoa humo polepole. Boksi, risiti, ujumbe wa simu na namba ya malipo vihifadhiwe, kwa kuwa ndivyo TMDA au Bodi ya Famasia itakavyohitaji ili kuipima bidhaa hiyo na kuwatahadharisha wazee wengine waliokuwa kwenye viti vilevile.